Kichwa Kimoja cha Saluni Zote

Kwa miaka zaidi ya kumi, saluni za wanaume hapa Gisenyi zilikuwa na kichwa kimoja. Utoke barière ndogo ya mpaka wa Goma, upite Majengo, ushuke sokoni, uende hata Nyamyumba kwenye maji ya moto, ukutani ulimkuta mwanamume yule yule: amegeuka kidogo upande, nyusi moja imekatika katikati, sikio lina kipembe kwa juu. Kilichobadilika ni nywele tu. Hapa kanyolewa pembeni, pale kachongwa mistari miwili, kwingine ana upara unaong'aa. Watu walimtania Damascène, fundi aliyevichora vyote, kwamba Mungu alimgawia kichwa kimoja akasahau kumwongezea. Yeye alicheka tu na kufuta brashi kwenye suruali.

Mimi ni Kabatesi, ila mtaani wananiita Mama Umwali. Nina duka la fotokopi mkabala na nyumba aliyopanga Damascène. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, nikarudi na wazazi wangu nikiwa na miaka tisa, ndiyo maana wananicheka kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Niseme mapema: haya ninayoyaandika yananitia kichefuchefu. Nimeyaanza mara tatu nikayaacha. Watu walionichefua ni wengi, na mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Damascène ni mtu wa Mudende, kule juu kwenye viazi na ng'ombe. Baba yake alitaka achunge, yeye akawa anachora ng'ombe kwa mkaa kwenye mlango wa zizi mpaka akachapwa. Alishuka mjini akiwa kijana, akabeba magunia, akaandika herufi kwenye milango ya maghala, mwisho akapata kazi ya mabango. Ni mfupi, hana maneno mengi, na anakula amesimama kana kwamba chakula kinaweza kukamatwa na polisi. Ana udhaifu mmoja wa kazi ambao hakuwahi kuuficha: hawezi kuchora mtu wa kubuni. Lazima mtu akae mbele yake, atulie, asione aibu. Na katika mji mzima, aliyekubali kutulia mbele yake ni Gentil peke yake.

Gentil ni fundi cherehani. Mama yake ni mtu wa Goma, na wanawake wa Goma ndio wateja wake, wanavuka asubuhi na vitenge na kurudi navyo vimeshonwa. Cherehani yake iko barazani, nayo ameielekeza ukutani ili mwanga umjie kutoka nyuma. Kwa hiyo mimi, nikiwa kwenye kaunta yangu, kwa miaka kumi na moja nimemwona kisogo zaidi kuliko uso. Nina hakika nakijua vizuri. Chini kidogo, karibu na shingo, kuna alama isiyoota nywele, ya ukubwa wa harage, pale uji wa moto ulipomwangukia akiwa mtoto.

Waliishi nyumba moja, chumba na sebule. Watu walisema ni mabinamu, nami nikasema ni mabinamu. Nilijua, kama unavyojua kwamba jirani anakoroma: hukuuliza, ukuta umekwambia.

Mwaka jana, asubuhi moja ya mvua, Damascène aliniletea daftari la shule nimskanie kurasa zake. Nilidhani ni mabango. Kumbe alikuwa amechora hadithi ya picha, kila ukurasa visanduku sita vilivyopigwa kwa rula. Wanaume wawili wanaishi pamoja, mmoja Mrefu, mwingine Mfupi. Ukurasa wa kwanza Mrefu amepika sambaza, vidagaa vya ziwani, akazidisha chumvi, na Mfupi amegoma kula. Ukurasa wa tatu Mfupi anaumwa mgongo na Mrefu anamkanda kwa kitambaa cha moto. Ukurasa wa tano wamelala ndani ya chandarua, wote wameelekea ukutani, na mkono wa Mrefu uko juu ya tumbo la Mfupi.

Nilipoufikia huo, niliona kinyaa. Siwezi kuupamba ukweli. Nilikulia kanisani, na mwili wangu ulijibu kabla sijafikiri. Niliiachia ile karatasi, nikaenda kwenye ndoo nyuma ya mlango, nikanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nilipogeuka, Damascène alikuwa amesimama pale pale, ananitazama mikono. Alisubiri nimalize kazi yake.

Nikaendelea, nikishika karatasi kwenye ncha. Ukurasa wa sita ugomvi wa chumvi ukarudi: Mfupi amemwaga mchuzi wote kwa hasira, kisha njaa imemshika, na anaokota sambaza mmoja mmoja sakafuni huku Mrefu akifagia kumzunguka. Nilicheka kwa sauti. Nilijichukia kwa kucheka, kama nilivyokuja kujichukia baadaye kwa kunawa.

Hadithi ile ilikuwa ya kumpa Cedric. Huyu ni kijana wa Kigali, ametumwa na shirika ambalo silitaji jina, maana litafurahi. Alikuwa anakusanya hadithi za picha na katuni za wasanii wa nchi zetu za Maziwa Makuu wanaochora wanaume wanaopendana na wanawake wanaopendana. Alikuja na tableti yake akaiweka kwenye kaunta yangu, kwa sababu mtandao wangu ni mzuri, akamwonyesha Damascène kazi za wengine. Kulikuwa na msichana wa Bujumbura aliyechora wanawake wawili wakisukana, na picha zake zilikuwa zinatembea, kitana kinapanda na kushuka. Kulikuwa na kijana wa Kampala aliyechora maharusi wawili wa kiume wakigombania mwavuli mmoja. Damascène aliitazama ile ya kitana mara nne, akauliza kitu kimoja tu: yule dada alifanyaje mpaka kitana kikaenda. Miaka yote alidhani kazi ile inafanywa na yeye peke yake duniani, kwenye daftari la mistari. Siku hiyo aliondoka dukani amenyooka mgongo. Kwa hilo namshukuru Cedric, na shukrani zangu zinaishia hapo.

Baada ya wiki chache Cedric alirudi na masahihisho. Wakubwa wake, alisema, wameipenda hadithi lakini hawayaoni maumivu. Msomaji wa mbali hataelewa kwa nini aijali. Je, Mrefu anaweza kupigwa? Je, majirani wanaweza kuja na fimbo, hata kama ni sanduku moja tu? Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeomba umwongezee maziwa kwenye chai. Damascène alifuta vidole kwenye suruali.

"Bon, lakini hakuna mutu alitupiga," akasema. "Sisi tunagombanaka juu ya chumvi. Ile ndiyo histoire."

Cedric alisema anamwelewa sana. Akaandika kitu, akaondoka.

Kitabu kilipotoka, kizuri, karatasi nene, kurasa za chumvi hazimo. Wamempa mtu mwingine, sijui wa wapi, akachora upya. Mlango umevunjwa. Watu wana fimbo. Mrefu amevimba jicho, damu inamtoka puani hadi kwenye shati. Chandarua wamekiacha, ila kimechanwa. Miili si ya Damascène, nguo si zake, ukuta si wake. Kilichobaki chake ni kichwa cha Mrefu, mstari kwa mstari, kwa sababu, Cedric alieleza, kichwa kile kilikuwa kizuri mno, yule mwenzake hakuthubutu kukigusa. Mwisho wa kitabu wameandika kwamba jina la msanii na mji wake vimefichwa kwa ajili ya usalama wake. Sentensi hiyo Cedric alituonyesha kwa kidole, kwa fahari.

Damascène alisoma ukurasa wenye damu na uso wake ukawa wa majivu. Lakini kuhusu usalama hakusema kitu, kwa sababu hakuona kasoro. Yeye hajawahi kutia sahihi kwenye bango hata moja. Aliamini mtu akificha jina amefichika. Tulisimama watatu mlangoni kwangu tukakitazama kile kichwa kwenye kitabu, na ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa saluni, kichwa hicho hicho kilikuwa kinatutazama sisi. Hakuna aliyegeuka.

Mji ulihitaji siku mbili kukitambua. Mtu alipiga picha kurasa akazituma, simu hadi simu. Wanasema aliyeanza ni mteja mmoja wa saluni ya sokoni, shuka shingoni, nusu kichwa amenyolewa: akatazama simu, akatazama ukuta, akarudi kwenye simu. Kufikia saa kumi jioni, kila saluni ilikuwa na watu wameinua simu mbele ya ukuta wanalinganisha sikio kwa sikio. Walicheka mpaka machozi. Kutoka kichwani wakafika kwa Gentil, kutoka kwa Gentil wakafika kwenye chumba na sebule, na huko ndani wakafika walikotaka kufika tangu mwanzo, kitandani.

Kesho yake alikuja Rwema. Ni mfanyabiashara wa mabati na saruji, aliyerudi kutoka Uganda, mzee wa kanisa, mtu wa suti. Alitaka nimtolee nakala kumi za ukurasa wa chandarua uliokuwa kwenye simu yake, za rangi, kwa ajili ya kufundisha vijana. Alinisalimia vizuri, akamuulizia binti yangu.

Nikatoa. Nirudie ili isidhaniwe nimeteleza: nilitoa nakala kumi. Mashine ilikuwa tayari imepata moto, karatasi zikatoka zina joto, nikazigonga kwenye meza zilingane pembe, nikazitia kwenye bahasha. Rwema alizitoa tena akazipitia moja baada ya nyingine, ingawa zote zilikuwa sawa. Alilamba kidole kila alipofunua. Alizitazama muda mrefu kuliko unaohitajika na mtu anayekwenda kufundisha. Kidole kile chenye mate nakiona hadi leo.

Asubuhi yake nakala moja ilikuwa imegandishwa kwa gundi juu ya cherehani ya Gentil. Aliikwangua kwa wembe, polepole, ili asiharibu rangi ya mashine, na hakugeuka hata mara moja kutazama nani anatazama. Baadaye wanawake wa Goma wakaja kuchukua vitenge vyao, hata vile ambavyo havijakatwa. Mmoja alikishika chake kwa vidole viwili, akakinusa mbele yake. Gentil alimkunjia vizuri kabisa, akampa. Nilitamani kuvuka barabara nikamchukue yule mama kwa masikio, lakini mkono ulionuka ulikuwa wangu, kwa hiyo nilibaki kwenye kaunta yangu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilifika, tukaenda umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulizibua mitaro, tukafyeka nyasi. Kwenye mkutano baada ya kazi, Rwema alisimama akazungumzia usafi. Alisema kuta za saluni zimechafuka, na wageni wanaovuka mpaka wanaziona. Hakumtaja mtu. Hakuna aliyeuliza ni uchafu gani. Walipiga makofi wakiwa bado na majembe mikononi, na wenye saluni wakaitikia kwa kichwa.

Mchana huo huo Verediane, mjane mwenye ile nyumba, alikuja barazani. Si mama mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alisimama kati ya Damascène na Gentil, akasema nikisikia:

"Mi sina shida na nyinyi. Munafagia, munanitekea maji. Lakini kile kichwa iko ku ukuta kila pahali, watu wananionyesha kidole. Kikiisha mbele ya dimanche ingine, mubakie. Kisipoisha, Gentil atoke. Anarudia kwao Goma."

Gentil hana kwao Goma. Mama yake alikwisha kufa, na nyumba ya ndugu zake imejaa wakimbizi hadi kwenye jiko. Kila mtu pale alijua, na Verediane pia.

Saluni kumi na tisa, siku nane hadi Jumapili hiyo. Wenye saluni walimwambia Damascène kwamba aliyechora ndiye atakayefuta. Wakamletea chokaa. Kwa hiyo mtu huyu, ili Gentil apate kulala nyumbani, alitembea mji mzima akimfuta Gentil.

Siku ya pili nilifunga duka nikambebea ndoo. Msinisifu. Nilishindwa kukaa na ile mashine chumba kimoja. Kila ukuta alianza na sikio, akaja kwenye nyusi, macho akayaacha mwisho. Watu walisimama nyuma yetu wakitafuna mahindi ya kuchoma, wakitema makapi karibu na miguu yetu. Kwenye saluni moja mteja alikuwa ndani anaendelea kunyolewa, akamwomba Damascène asogee kidogo, anamzibia mwanga.

Sokoni tukamkuta Cedric. Alikuwa amesikia, akaja mbio kutoka Kigali, na kamera. Alisema anasikitika, na labda ni kweli, lakini macho yalikuwa yanamng'aa. Alipiga picha ndoo, akapiga picha ngazi. Damascène alipofika kwenye macho, Cedric akamwomba aende taratibu, ikiwezekana arudie, mwanga umegoma. Kisha akasema hii hasa ndiyo hadithi waliyokuwa wanaihitaji, na kwamba kuna kitabu cha pili.

Niliinama nikaitua ndoo kando ya mtaro. Nilipoinuka nikamwambia:

"Kijana, mlitaka damu hamkuiona, mkaichora. Sasa imekuja kweli, na unataka ichuruzike polepole ili upige picha."

Akaanza kunieleza kwamba sijamwelewa. Damascène aligeuka, hana hasira wala haraka, akapitisha brashi ya chokaa juu ya lenzi mara moja, kama ambaye ameona kipande cha ukuta alichosahau. Akarudi kwenye macho. Cedric aliondoka anafuta lenzi kwa shati.

Kufikia Alhamisi kuta zote zilikuwa nyeupe, na wenye saluni wakagundua kwamba ukuta mweupe hauleti mteja. Wakataka kichwa kipya. "Chora mutu mwengine," walimwambia, kama vile watu wengine wanaokotwa barabarani. Nilidhani hapo ndipo atakapokwama. Rwema, naye hana haya, alipita akajitolea kukaa yeye mwenyewe achorwe, akageuza shavu lake. Damascène alimkagua kwa makini, kisha akamwambia kwa heshima zote kwamba nywele za mzee hazitoshi kwa tangazo.

Ijumaa alianza kuchora. Alichora vichwa kwa nyuma. Kinyozi anaonyesha ufundi wake nyuma, aliwaeleza, uso kila mtu ana wake. Wakaipenda hoja hiyo. Walisema ni mtindo mpya, ni wa kisasa, hata Kigali haupo. Akachora kisogo chenye mistari, kisogo chenye ngazi, kisogo cha upara, saluni kumi na tisa. Jumapili baada ya misa Verediane alizunguka mwenyewe kukagua. Alirudi akasema hakuna mtu pale, ni nywele tu. Gentil akabaki.

Mimi nilikiona cha saluni ya ng'ambo Jumatatu, nikiwa nimesimama mlangoni. Chini kidogo, karibu na shingo, rangi nyeusi ilikuwa imeruka mahali padogo, pa ukubwa wa harage. Nikatazama barazani, Gentil ameinamia cherehani yake. Nikatazama ukuta. Nikamtazama tena, kama walivyokuwa wakifanya na simu zao. Halafu nikapanda pikipiki hadi sokoni, nikaenda na Majengo, nikaenda na Nyamyumba. Harage lilikuwepo kila mahali.

Sasa wateja wamerudi. Wale wale, na yule aliyenusa. Hakuna mwenye kushona kama Gentil, basi wamesahau kwamba waliona kinyaa. Rwema alimletea suruali mbili apunguze kiuno. Hakuna aliyeomba radhi, wala hakuna aliyeona haja. Wanaume wa mji huu wanakaa chini ya kichwa cha Gentil, wananyoosha kidole, wanasema ninyoe kama hivyo. Nikipita nawasikia, na nashindwa kuamua kama nicheke au niteme mate.

Wiki iliyopita Damascène aliingia dukani mchana na sahani yake ya sambaza, anakula amesimama kama kawaida yake. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu nakala kumi, bahasha, Rwema, kila kitu, na sikujitetea.

"Nilijua," akasema. "Machine yako inaachaka mustari mweusi ku pembeni. Ile ya ku cherehani ilikuwa nayo."

Alikuwa anajua tangu asubuhi ile ya wembe, na alinipa ndoo yake nibebe. Akalitoa lile daftari la shule kwapani, akaomba nimtolee nakala moja ya hadithi yote, ile yenyewe, ya chumvi, ikae nyumbani. Nikaitoa. Nilipofika kwenye ukurasa wa chandarua niliushika kwa kiganja kizima, nikaulaza kwenye kioo.

Nilipomkabidhi karatasi, alikuwa ananitazama mikono, na ndoo iko pale pale nyuma ya mlango. Akaisogeza sahani kwenye kaunta, upande wangu. Hapa kwetu hakuna anayegusa chakula kabla ya kunawa, hata mtoto anajua. Nikachukua sambaza kwa mkono ule ule, nikala. Chumvi ilikuwa imezidi.